Makopo Matano ya Shangazi

Wanaosimulia Dar es Salaam ya miaka ya 1980 huanza na foleni. Husimulia mawe yaliyopangwa mlangoni mwa duka tangu alfajiri, kila jiwe likimshikia mtu nafasi yake. Husimulia unga wa yanga, yaani wa mahindi ya njano, na mche wa sabuni uliogawanywa vipande ili kila nyumba ipate. Yote hayo ni kweli, nami nilikuwemo. Lakini simulizi hizo huishia barabarani. Hazivuki ukumbi kuingia uani, na uani ndiko mji ulikokuwa ukifanya kazi. Nataka kutoa ushahidi wangu juu ya uani mmoja wa Magomeni, wa shangazi yangu, aliyeendesha kazi tano na kila moja akaijua kwa undani wake.

Nilifika kwake mwaka 1981 kutoka Korogwe, nimemaliza darasa la saba na sikuchaguliwa kwenda sekondari. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha, na ile miezi 18 ambayo Mwalimu Nyerere alituomba tufunge mikanda ilikuwa imeshapita bila mikanda kulegea. Baba alisema nakwenda kumsaidia dada yake kazi za nyumbani. Nilipovuka ukumbi nikakuta uani kuna mapipa mawili juu ya mafiga, kamba za nguo zimetandazwa toka ukuta hadi ukuta, banda la kuku pembeni, na chini ya mwembe cherehani mbili zikilia kwa zamu. Shangazi alinitazama mikono kabla ya kunitazama uso.

"Unajua kushika sindano?"

"Abee, shangazi, najua."

"Basi oga, ule, ulale. Kesho utashika brashi."

Brashi ilikuwa ya nta, kwa sababu kazi aliyoipenda shangazi kuliko zote ilikuwa batiki. Aliichukua bafta nyeupe, akaifua mpaka wanga wa kiwandani ukatoka wote, maana kitambaa chenye wanga hakinywi rangi. Kisha akayeyusha nta. Mafuta ya taa yakiwa adimu, mishumaa nayo ilikuwa adimu, kwa hiyo kila tone lilikuwa na hesabu yake. Nta ya mishumaa peke yake hukauka na kupasuka, na rangi hupenya kwenye nyufa ikaacha vile vimishipa ambavyo wanunuzi wengine huvipenda. Nta ya nyuki hulainika na kushika kitambaa bila kupasuka. Shangazi alichanganya kwa kadiri ya mchoro alioukusudia: nyuki zaidi kwa maua na ndege, mishumaa zaidi kwa miamba na mawimbi. Mihuri aliichonga mwenyewe kutoka vipande vya godoro, mingine kutoka mbao.

Rangi huanza na iliyo nyepesi ikaenda kwenye nzito. Njano kwanza, kisha unafunika kwa nta pale unapotaka njano ibaki. Kisha nyekundu, unafunika tena. Mwisho kahawia au nyeusi. Ukikosea mpangilio hakuna kurudi nyuma. Rangi ilikorogwa kwa kostiki soda na haidrosalfaiti, dawa kali zilizotufanya tuvae mifuko ya plastiki mikononi glavu zilipokosekana. Nilichokipenda kuliko vyote ni dakika ile kitambaa kinapotoka kwenye beseni. Rangi ya buluu hutoka ikiwa na umanjano wa kijani, hata mgeni angedhani imeharibika, na hewa ikikigusa huanza kugeuka mbele ya macho yako mpaka buluu ikatulia. Mwisho kitambaa kilichemshwa pipani, nta ikapanda juu ya maji, ikaganda, tukaikusanya kwa matumizi mengine.

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake ya moyoni. Lakini batiki ina tabia moja inayowashinda wasanii wengi hadi leo: hulala na fedha. Unanunua jora la bafta leo, rangi wiki ijayo kama zitapatikana, kitambaa kinakaa siku kadhaa kati ya nta na beseni, kisha kinasubiri mnunuzi ambaye huenda akaja mwezi wa saba. Katika muda huo wote watoto wanakula, maji yananunuliwa, mkaa unawaka. Msanii mwenye batiki peke yake angeuza kwa bei yoyote kwa mtu wa kwanza aliyebisha hodi, au angepunguza rangi ili imalize wiki. Shangazi hakutaka lolote kati ya hayo. Kwa hiyo akaizungushia batiki kazi nyingine nne, kila moja ikiwa na mwendo wake wa fedha.

Barafu zililipa siku hiyo hiyo. Mumewe alikuwa na friji aliyoipata kwa mkopo wa kazini, nayo ilijazwa vifuko vya ubuyu na ukwaju, ambavyo watoto wa shule walivigombania mchana. Sukari ikikosekana, tulitengeneza barafu tupu za maji, na Ramadhani zilikuwa zinakwisha kabla ya magharibi. Kuku walilipa kwa wiki, trei kwa trei za mayai. Cherehani zililipa kwa mwezi: sare za shule, magauni, viraka, kugeuza kola za mashati zilizochakaa. Vyombo vya harusi vililipa kwa msimu. Shangazi alikuwa na sahani, sufuria kubwa, mikeka na mapazia ya kupambia ukumbi, vyote vya kukodisha, na alikwenda kupamba mwenyewe. Batiki ililipa ilipopenda.

Usiku, baada ya sala ya isha, makopo matano ya Africafe yaliteremshwa kutoka juu ya kabati. Kila kazi ilikuwa na kopo lake. Fedha ya barafu haikuingia kopo la kuku hata kwa bahati mbaya. Nta ikihitajika na kopo la batiki likiwa tupu, kopo la barafu lilikopesha, na mkopo ukaandikwa kwenye daftari kubwa la mistari: nani kakopa, kiasi gani, kwa ajili gani. Harusi ikilipa, deni lilirudishwa. Mwanzoni niliona ni mchezo wa kujisumbua, kwani fedha zote ni za mtu mmoja na ziko kabati moja. Nikamuuliza. Akanijibu kwamba mtu mwenye kazi tano na mfuko mmoja hajui ni ipi inamlisha na ipi inamla. Wahenga wameshasema mali bila daftari huisha bila habari. Shangazi aliongeza lake: mali ikiwa mchanganyiko, hata daftari halioni.

Na daftari liliona. Mwaka mmoja chakula cha kuku kilipanda na kuadimika mpaka mayai yakawa yanakula kuliko yanavyoleta. Jicho halikuweza kulijua hilo, kwa sababu kuku walikuwa wazima na mayai yaliuzwa yote. Kopo lilijua. Lilikuwa limekopa kwa wenzake miezi mfululizo bila kurudisha. Shangazi alipunguza kuku hadi wakabaki wa kuliwa nyumbani na wa kuokota makombo ya harusi, akangoja hali ibadilike ndipo akawaongeza tena. Hakuna aliyelia wala kubishana. Hesabu ilikuwa imeshasema.

Kazi hizo zilipeana zaidi ya fedha. Vipande vilivyobaki kwenye mkato wa batiki vilishonwa mifuko na vitambaa vya mezani. Bibi harusi aliyekuja kukodi sahani aliona kamba za batiki uani, na kabla hajaondoka ameagiza sare ya ndugu zake wa kike. Mama aliyeleta sare ya mtoto ya kushonwa alijifunza kwamba kuna mayai. Mlango mmoja ukawa na wateja wa milango mitano, na shangazi alimhudumia kila mmoja kama vile ndiye pekee aliyekuja siku hiyo.

Mwaka nao uligawanywa. Januari ilikuwa ya sare, tulishona hadi macho yanawasha. Masika yakianza Machi, batiki husimama kwa sababu kitambaa hakikauki vizuri na mkaa umelowa; hapo ndipo mihuri mipya ilipochongwa na michoro kuchorwa kwenye karatasi za sementi. Kipupwe kikija na jua lake kavu, mapipa yalichemka kila siku, maana maonyesho ya Sabasaba yalikuwa yanakaribia na wageni walikuwepo. Baada ya Ramadhani, mfungo mosi, harusi ziliamka na vyombo havikurudi nyumbani kwa wiki nzima. Majirani waliomwona akitoka hiki akiingia kile walimwambia mshika mbili moja humponyoka. Hawakuona kwamba hakushika vyote kwa wakati mmoja. Kila kazi ilikuwa na msimu wa kushikwa na msimu wa kulindwa na nyingine.

Kilichomtisha hasa mume wake kilikuwa kingine. Alikuwa ofisa wa ngazi ya kati katika shirika moja la umma, na Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikuwa bado lina meno. Lilimkataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni, kuwa mkurugenzi wa biashara ya watu binafsi, kupokea mishahara miwili au zaidi, na kupangisha nyumba. Na liliposema kiongozi, lilimhesabu mtu pamoja na mkewe. Sindano na barafu hazikutajwa popote, lakini mumewe alijua jinsi maneno yanavyotembea. Mtu mwenye vipato vingi aliitwa kupe. Kila mradi mpya ulipoanza, alikaa kimya siku mbili. Mshahara wake ulikuwa haufiki katikati ya mwezi, na yeye mwenyewe alijua sukari ya chai yake inatoka kopo gani.

Kisha ukaja mwaka 1983. Vita dhidi ya wahujumu uchumi, vilivyoongozwa na Waziri Mkuu Edward Sokoine, vilianza Machi. Wapo walanguzi wa kweli waliokamatwa na wananchi wengi walifurahi, maana bidhaa zilizokuwa zimefichwa zilionekana tena. Lakini hofu haikubagua. Watu walitupa sabuni na vitambaa mitaroni usiku kwa kuogopa kukutwa navyo. Chini ya kitanda cha shangazi kulikuwa na majora ya bafta aliyoyakusanya kwa ajili ya kipupwe. Mumewe alimsihi ayatoe usiku ule ule. Shangazi aliteremsha daftari, akamfungulia ukurasa baada ya ukurasa: jora hili limenunuliwa lini, duka gani la serikali, kwa kiasi gani, risiti hii hapa. Rangi hii imepatikana SIDO, shirika la viwanda vidogo, risiti hii hapa. Alilala na lile daftari chini ya mto. Hakuja mtu. Mwaka huo huo ikatungwa sheria ya Nguvu Kazi, na wasioweza kuonyesha shughuli yao wakawa wanakamatwa mitaani na kupelekwa vijijini. Nilikuwa msichana asiye na ajira, na nilitembea mji ule bila kuogopa, kwa sababu shangazi alikuwa amenikatia kitambulisho cha kazi na kuniandika daftarini kama fundi.

Katika miaka hiyo hiyo ya shida ndipo nilipoona ubunifu wake ukifika kilele. Rangi za dukani zilipopotea kabisa, alikwenda kwa wakata mikoko akaleta magome ya mkandaa, akayachemsha hadi yakatoa wekundu wa kahawia ambao sijaupata tena katika rangi yoyote ya kopo. Alijaribu pia manjano ya jikoni. Yalitoa rangi ya kupendeza, kisha akakianika kipande juani siku chache na kikapauka. Hakuuza hata kitambaa kimoja cha manjano. Wakati huo watu walikuwa wananunua chochote kilichoitwa nguo, wasingemuuliza, naye angeweza kusema kweli kwamba hakuna rangi nyingine nchini. Barafu na sahani za harusi ndizo zilizomwezesha kukataa. Hapo ndipo nilipoelewa kazi zile nne zilikuwa za nini. Zilikuwa zinanunua haki ya batiki kubaki nzuri.

Mara kwa mara tulipeleka vitambaa Nyumba ya Sanaa, Barabara ya Upanga, kituo kilichoanzishwa mwaka 1972 kwa juhudi za Sista Jean Pruitt, mtawa wa Kimarekani wa shirika la Maryknoll. Hapo ndipo alipofanyia kazi George Lilanga, Mmakonde aliyeingia kituoni kama mlinzi wa usiku, akaja kujulikana duniani. Lilanga alichonga, akachora, akatengeneza batiki, na mashetani wake wale wenye masikio makubwa na vidole vichache wakahama kutoka mti kwenda kitambaa, na kutoka kitambaa kwenda ubao, bila kupoteza sura. Shangazi alisimama mbele ya kazi zake kwa muda mrefu. Tukiwa njiani kurudi alisema mtu yule ana mikono mingi na jicho moja. Nadhani alikuwa amejiona.

Mambo yalianza kulegea na bajeti ya mwaka 1984, iliyowaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuleta bidhaa. Novemba 1985 akaingia Rais Ali Hassan Mwinyi, na watu wakamwita Mzee Ruksa. Maduka yakajaa. Wengi hudhani kwamba hapo ndipo wajasiriamali walipozaliwa, lakini kwa uani wetu ruksa ilikuja na majaribu yake. Baada ya makubaliano ya mwaka 1986 na Shirika la Fedha la Kimataifa, shilingi ilishushwa thamani, na bei ya rangi ikapanda kila tulipoulizia. Mitumba ikamwagika sokoni, na gauni la mtoto lililotugharimu siku nzima kulishona likawa linauzwa Kariakoo kwa bei ambayo haikufikia hata kitambaa chake. Kopo la cherehani likaanza kukopa.

Shangazi hakuitukana mitumba. Alikwenda sokoni akaitazama, akarudi na jambo moja alilolishika: rundo la mitumba haliwezi kutoa nguo kumi zinazofanana. Harusi inataka sare. Kwaya inataka sare. Chama cha kina mama kinachokwenda kumpokea mgeni kinataka sare. Akaacha nguo za watoto, cherehani zote mbili zikahamia kushona batiki kwa vikundi, na kopo likalipa madeni yake. Mradi ulibaki, kilichobadilika ni anayehudumiwa. Kwa fedha ya upatu akaongeza cherehani ya tatu, na wasichana wawili wa mtaani wakaja kujifunza pamoja nami.

Mgawo wa umeme wa mwaka 1992 uliiua barafu. Friji ililala siku nzima, vifuko vikawa maji, wateja wakazoea kwenda kwingine. Shangazi aliangalia daftari lake kwa wiki kadhaa, kisha usiku mmoja akatoa senti zilizobaki kwenye lile kopo, akazigawa kwa manne yaliyosalia, akaliosha kopo na kulijaza chumvi ya jikoni. Kazi iliyotulisha wakati wa shida kubwa iliondoka kwa heshima, bila kuburutwa mpaka ikazama na wenzake. Nimeona watu wenye elimu kubwa wakishindwa kufanya alichokifanya usiku ule, wakiilisha biashara iliyokufa kwa jasho la zile zilizo hai, kwa sababu tu wanaona aibu kuifunga.

Mwaka 1991, huko Zanzibar, chama tawala kilikuwa kimelegeza masharti ya uongozi, na wanachama wakaruhusiwa kuwa na zaidi ya kipato kimoja. Lile lililomkosesha mume wa shangazi usingizi likawa halali. Katika miaka iliyofuata mashirika ya umma yakaanza kubinafsishwa na kufungwa, naye akawa miongoni mwa waliopunguzwa kazi. Alikaa nyumbani akiwa amenyong'onyea. Shangazi alimwekea mbele daftari na kalamu, akamwambia mwandiko wake ni mzuri kuliko wa kila mtu pale nyumbani. Tangu siku hiyo hesabu zote ziliandikwa na yule aliyeziogopa, na ndiye aliyenifundisha mimi kugawanya gharama ya jora kwa kila doti hadi senti ya mwisho.

Leo vijana huja kwangu, wengine wajukuu wa wale waliokodi sahani kwetu. Msichana anapiga picha za harusi, anauza keki, anachora hina, anachapisha fulana, na yote anayatangaza kwa simu. Wazazi wake wanamwambia achague moja. Mimi simwambii hivyo. Namuuliza ni ipi kati ya hizo hataki kuiharibu hata njaa ikiingia, na ni zipi zinazoilinda. Namuuliza kila moja inalipa lini: leo, wiki, mwezi, msimu. Namuuliza kama fedha zake zinakaa mahali pamoja, na akijibu ndiyo, namwambia azitenganishe leo kabla hajalala. Asiyeweza kujibu swali la kwanza ana shughuli nyingi tu, na zitamchosha. Anayelijibu bila kusita anaweza kubeba hata tano.

Vitabu vya historia vimeandika juu ya sera, viongozi na mashirika ya miaka ile, na vimefanya vyema. Juu ya kina mama wa uani hupita na neno moja, kwamba walihangaika. Mimi nilikuwa pale, mikono yangu ikiwa na rangi hadi kwenye viwiko, na nakataa neno hilo. Shangazi alipanga mwaka wake, alitenga fedha zake, alisoma soko, alifunga kilichokufa na kukataa kuuza kilichopauka. Wanawake wa namna yake walikuwepo Ilala, Temeke, Kinondoni, kila mtaa ukiwa na wake. Mji ule ulivishwa, ukalishwa na kuozeshwa na watu waliokuwa wanajua wanachokifanya, na ujuzi wao unastahili kufundishwa kwa jina lake halisi, yaani ujuzi.